Uchambuzi wa kisa: mstari kwenye jino la 36, ufa kwenye jino la 37

Kisa hiki kinahusu picha ya meno ya pande tatu (CBCT) iliyoonyesha mstari mahali pasipo na ufa, ikashindwa kuonyesha ufa mahali ulipokuwepo. Jino zima lilikaribia kung'olewa, na jino bovu lilikaribia kuachwa. Taarifa zote zinazoweza kumtambulisha mgonjwa au waliomhudumia zimeondolewa.

Mgonjwa na malalamiko

Mgonjwa ni mtu mzima wa umri kati ya miaka 40 na 50, mwenye afya nzuri na asiyetumia dawa za kudumu. Meno yake yamelika kwenye sehemu za kutafunia, dalili kwamba huyasaga usingizini. Kwa takriban miezi minne alikuwa akisikia maumivu ya ghafla, makali kama ya kuchomwa, upande wa kushoto chini. Yalimjia anapotafuna kitu kigumu, hasa pale anapoachia baada ya kung'ata. Maji baridi yalimsumbua tangu mwanzo, lakini katika wiki za karibuni uchungu wa baridi ulikuwa unabaki hata baada ya kumeza, na mara mbili alikuwa ameamshwa usiku na jino.

Upande huo una meno matatu yanayohusika. Gego la kwanza (36 kwa namba za madaktari wa meno) lilitibiwa mizizi miaka kadhaa nyuma na kuvishwa taji la metali lenye kauri. Gego la pili (37) lina kizibo kikubwa cha amalgamu (mchanganyiko wa metali), kilichochukua sehemu ya kutafunia na ukuta wa nyuma. Gego dogo la mbele yao (35) ni zima. Gego la tatu liling'olewa zamani.

Alipoulizwa ni jino gani linalouma, mgonjwa aligusa taji la 36 bila kusita. Hilo halikupaswa kuchukuliwa kama jibu. Neva za kiini cha jino (nyama laini iliyo ndani yake) ni hodari wa kutoa taarifa ya maumivu, ila ni dhaifu mno katika kueleza mahali yanapotoka. Mtu huanza kubainisha jino pale tu uvimbe unapofikia utando unaoshikilia mzizi kwenye mfupa. Kabla ya hapo hukisia, na kwa kawaida kisio huangukia jino alilokumbuka kuteswa nalo.

Picha ya kwanza na ripoti yake

Picha ndogo ya eksirei ya ndani ya mdomo haikuonyesha tatizo: mizizi ya 36 imejazwa vizuri, hakuna kivuli kwenye ncha za mizizi, na mfupa kati ya meno uko sawa. Kwa kuwa maumivu yalikuwa yanaendelea, mgonjwa aliandikiwa CBCT. Fomu ya maombi ilisema: "Maumivu kushoto chini. 36 limetibiwa mizizi. Chunguza ufa wa mzizi wa 36."

Picha ilipigwa kwa uga (eneo linalopigwa picha) wa sentimita 10 kwa 10 na vokseli (michemraba midogo inayounda picha) za milimita 0.3. Ripoti ilirudi na sentensi moja nzito: mstari mweusi unaonekana kwenye mzizi wa mbele wa 36, ukitoka upande wa shavu kwenda upande wa ulimi, unaolingana na ufa wa wima wa mzizi, inashauriwa jino ling'olewe. Kuhusu 37 ripoti haikusema neno.

Ushauri huo ungefaa kabisa kama ufa ungekuwepo. Mzizi uliopasuka kwa wima katika jino lililotibiwa hauna tiba ya kutegemewa. Jino lenye mizizi miwili huweza kukatwa mzizi mmoja, vinginevyo hung'olewa. Ndiyo maana kosa la kuona ufa usiokuwepo ni ghali kuliko makosa mengine: halirekebishiki. Mgonjwa alienda kutafuta maoni ya pili kwa timu inayotibu mizizi ya meno, akiwa na diski ya picha mkononi.

Vipimo kabla ya picha nyingine

Timu haikuanza na diski. Ilianza na mgonjwa kwenye kiti, na uamuzi huo ndio uliobeba kisa chote.

Kipimo cha baridi kilifanywa kwa kipande cha pamba kilichopuliziwa dawa ya kugandisha, kikianzia kwenye gego zima la upande wa kulia ili mgonjwa ajue hisia ya kawaida ikoje. Jino la 35 lilijibu kawaida. La 36 halikujibu, kama inavyotarajiwa kwa jino lisilo na kiini. La 37 lilijibu mara moja, kwa ukali, na uchungu ukabaki zaidi ya nusu dakika.

Kipimo cha kung'ata kilifanywa kwa kile kifaa cha plastiki chenye kishimo kidogo kinachokaa juu ya kilele kimoja cha jino. Kila kilele kilipimwa peke yake: mgonjwa anang'ata polepole, anashikilia, kisha anaachia kwa ghafla. Kung'ata kwenye pamba au kijiti cha mbao hubebesha vilele viwili au vitatu kwa pamoja, na matokeo yake hayasomeki. Vilele vyote vya 36 vilikuwa kimya. Kwenye 37, kilele cha nyuma upande wa ulimi kilitoa maumivu yaleyale aliyoyaeleza mgonjwa, wakati wa kuachia. Kuachia ndiko kunakoruhusu kingo za ufa zilizopanuka zirudiane ghafla, na umajimaji ndani ya mirija ya dentini (tabaka gumu chini ya enameli) husukumwa kuelekea kwenye kiini.

Kisha fizi zilipimwa kwa kutembeza probu (kijiti chembamba chenye alama za milimita) milimita kwa milimita kuzunguka jino lote. Upimaji wa kawaida wa sehemu sita kwa kila jino hautoshi hapa, kwa sababu mfuko (nafasi kati ya fizi na jino) unaofuata ufa huwa mwembamba kiasi cha kupitisha ncha ya probu tu. Kuzunguka 36 kina kilikuwa milimita 2 hadi 3 pande zote. Kuzunguka 37 kilikuwa hivyohivyo, isipokuwa sehemu moja ya nyuma kuelekea ulimini, ambapo probu ilizama milimita 5. Ikisogezwa kidogo kulia au kushoto, ilirudi milimita 3.

Kufikia hapo jino la 37 lilikuwa na ushahidi wa aina tatu, na 36 halikuwa na hata mmoja zaidi ya mstari kwenye ripoti.

Kuondoa kizibo

Chini ya ganzi, jino likiwa limetengwa kwa mpira, amalgamu ya 37 ilitolewa yote. Taa ya kiti ilizimwa na mwanga mwembamba ukaelekezwa kwenye ukuta wa jino kutoka upande wa ulimi. Jino lenye mikwaruzo ya enameli peke yake hupitisha mwanga hadi upande wa pili. Hapa mwanga ulikatika kwenye mstari mmoja: upande mmoja jino liling'aa, upande wa pili likabaki giza. Rangi ya methilini bluu ilipakwa, ikaachwa kidogo, ikaoshwa. Chini ya hadubini ukabaki mstari wa bluu ulioanzia ukingo wa nyuma, ukakatiza sakafu ya tundu la kizibo kuelekea mbele, na kufifia kabla ya kufika nusu ya jino. Ukuta wa nyuma ulionyesha mstari huohuo ukishuka kuelekea kwenye fizi.

Hakuna aliyejaribu kuutanua ufa kwa kabari au kifaa chochote ili kuona kama vipande vinacheza. Jaribio hilo lina nafasi yake pale jino linapoonekana kupasuka kabisa, lakini kwenye ufa ambao haujakamilika linaweza kuukamilisha.

Tundu lilizibwa kwa muda kwa saruji ya glasi-ionoma. Kulikuwa na sababu mbili: kulinda kiini, na kuondoa metali kwenye jino kabla ya picha inayofuata.

Kwa nini picha ya pili, na ilipigwaje

Ufa ulikuwa umeshaonekana kwa macho. Ni halali kuuliza picha nyingine ilikuwa ya nini, maana mionzi ya CBCT ni mingi kuliko ya picha ndogo ya mdomoni hata uga ukiwa mdogo. Kulikuwa na maswali mawili ambayo majibu yake yangebadilisha tiba. La kwanza: mfupa nyuma ya 37 umeliwa kiasi gani, na umeliwa kwa umbo gani? La pili: je, mfupa unaouzunguka mzizi wa mbele wa 36 ni mzima? Picha ya kwanza, yenye vokseli za milimita 0.3, haikuweza kujibu lolote kati ya hayo kwa uhakika.

Tamko la pamoja la chama cha Marekani cha wataalamu wa mizizi ya meno (AAE) na kile cha radiolojia ya mdomo (AAOMR), lililohuishwa mwaka 2015, linaelekeza uga mdogo kwa kazi za mizizi, na linaiweka CBCT ya uga mdogo kuwa picha ya kuchagua pale vipimo vya kitini na picha ya kawaida vinaposhindwa kuamua juu ya ufa wa mzizi. Kisa hiki kilikaa ndani ya masharti hayo.

Uga ulikuwa sentimita 5 kwa 5, vokseli milimita 0.08. Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko picha yenyewe. Vipande vya pamba viliwekwa kati ya shavu na meno ili tishu laini isigusane na ukuta wa mfupa. Bila hivyo, ukuta mwembamba wa upande wa shavu huchanganyika na shavu. Meno ya juu na ya chini yalitenganishwa. Kichwa kilipangwa ili sehemu za kutafunia zilale sambamba na sakafu, kwa kuwa michirizi ya metali husambaa zaidi kwenye usawa ambao miali hupita. Taji likikaa sawa, michirizi yake hubaki kwenye usawa wa taji na haishuki sana kwenye mizizi. Kidevu na paji la uso vilifungwa, na mgonjwa akaelezwa asimeze mate mpaka mashine isimame. Kwa vokseli za 0.08, mtikisiko wa sehemu ya kumi ya milimita tayari umevuka ukubwa wa vokseli moja, na ubora wote uliolipiwa kwa mionzi umepotea.

Kuusoma mstari wa 36

Mstari wa 36 ulikuwepo hata kwenye picha ya pili. Hapa ndipo wasomaji wengi hujikwaa, kwa hiyo inafaa kukaa kidogo.

Mzizi wa mbele wa gego la kwanza la chini kwa kawaida una mifereji miwili, mmoja upande wa shavu na mwingine upande wa ulimi. Baada ya tiba, mifereji yote miwili hujazwa gutaperka (kijazo kinachofanana na mpira), ambayo huzuia miali kwa nguvu. Miali ikipita katikati ya vitu viwili vizito vilivyo karibu, sehemu yake dhaifu hunyonywa na sehemu kali hubaki. Mashine haijui hilo, ikihesabu inaona kana kwamba kati ya vitu hivyo kuna kitu chepesi. Matokeo ni mkanda mweusi unaounganisha mfereji mmoja na mwingine. Ufa halisi wa wima kwenye mzizi huo nao hupenda kupita njia hiyohiyo, kutoka shavuni kwenda ulimini. Kivuli cha mashine na ugonjwa vinalala mahali pamoja.

Timu ilitenganisha hivi. Kwanza vipande vilipangwa upya kufuata mhimili wa mzizi wenyewe, si mhimili wa mashine, na unene wa kipande ukashushwa hadi chini kabisa. Vichujio vya kunoa kingo vilizimwa, maana huongeza mistari ambayo haipo. Kisha mstari ulifuatwa kipande baada ya kipande. Ulikuwa mzito pale gutaperka ilipokuwa nene, ukafifia mifereji ilipopungua, na ukatoweka kwenye milimita za mwisho ambako hakuna kijazo. Ufa hauna sababu ya kuifuata gutaperka kwa utiifu namna hiyo. Aidha, mkanda haukuishia kwenye uso wa mzizi. Michirizi hafifu ya mwelekeo uleule ilivuka nje, ikaingia kwenye mfupa. Ufa wa jino hauwezi kuendelea ndani ya mfupa.

Mwisho ukaangaliwa mfupa. Mzizi uliopasuka baada ya kutibiwa huacha alama: mfupa wa upande wa shavu huliwa mkabala na ufa, wakati mwingine katikati ya mzizi huku juu na chini ukibaki, au kivuli huzunguka ncha na kupanda upande mmoja wa mzizi. Kwenye 36 ukuta wa mfupa ulikuwa kamili kutoka juu hadi chini, na nafasi ya utando unaoshikilia mzizi ilikuwa na upana uleule kote. Pamoja na probu ya milimita 2 hadi 3, na ukimya kwenye kung'ata, jibu likawa kwamba 36 halina dalili ya ufa na haliguswi.

Kulisoma jino la 37

Kwenye 37, jino ambalo ufa wake ulionekana kwa hadubini ukiwa umepakwa bluu, CBCT haikuonyesha mstari wowote ndani ya dentini. Hilo halikumshangaza mtu. Ufa ambao kingo zake bado zimebanana huwa na upana unaohesabika kwa mikroni, na vokseli ya milimita 0.08 ni mikroni 80. Kitu chembamba kuliko vokseli huchanganywa na dentini inayokizunguka, na wastani unaotoka ni kijivu kilekile. Tena uwezo halisi wa mashine kutenganisha vitu viwili ni mdogo kuliko namba ya vokseli inayotangazwa, kwa sababu ya ukungu wa picha na mtikisiko.

Kilichoonekana ni kazi ya ufa. Nyuma ya 37, upande wa ulimi, kulikuwa na mmomonyoko mwembamba wa mfupa wenye umbo la kabari, uliolingana na mahali probu ilipozama. Uliishia kwenye theluthi ya juu ya mzizi. Ncha za mizizi hazikuwa na kivuli.

Uamuzi na tiba

Baridi inayobaki na maumivu ya usiku vilionyesha kiini kimevimba kiasi cha kutorudi, hivyo taji peke yake lisingetosha. Swali lililobaki lilikuwa kama ufa umevuka sakafu ya chumba cha kiini. Picha haiwezi kulijibu, hadubini inaweza. Mgonjwa aliambiwa mapema, kabla ya ganzi, kwamba ufa ukikutwa umekatiza sakafu, kazi itasimama na jino litang'olewa, na akakubali kwa sharti hilo.

Bendi ya chuma ya orthodontia (pete itumikayo kunyoosha meno) ilifungwa kwanza kuzunguka jino, na jino likapunguzwa kimo ili lisigongane na la juu. Chumba kilipofunguliwa, mstari ulionekana ukishuka kwenye ukuta wa nyuma na kukoma takriban milimita 1 juu ya mdomo wa mfereji. Sakafu ilikuwa safi. Mifereji ilisafishwa na kujazwa, midomo yake ikafunikwa kwa kompoziti iliyogandishwa kwenye dentini, na jino likavishwa taji kamili lenye ukingo uliopita chini ya mwisho wa ufa kwa nje.

Miezi 12 baadaye mgonjwa anatafuna pande zote bila maumivu. Mfuko wa 37 uko milimita 4. Picha ndogo za miezi 6 na 12 hazina kivuli kipya. Jino la 36 liko kama lilivyokuwa. CBCT ya ufuatiliaji haikupigwa, kwa kuwa hakukuwa na swali la kuiuliza.

Kilichokwama

Bendi ya kwanza ililegea ndani ya wiki mbili na maumivu ya kung'ata yakarudi. Ilikuwa imegandishwa wakati fizi ya nyuma inavuja damu, na saruji ya glasi-ionoma haishiki vizuri pakilowa. Ilirudishwa baada ya damu kudhibitiwa na jino kukaushwa. Kila siku ambayo jino lenye ufa hutafuna bila kufungwa, ufa una nafasi ya kusogea.

Fomu ya kwanza nayo ilichangia. Ilimtajia msomaji jino na ugonjwa, bila kumpa kipimo hata kimoja. Msomaji alitafuta ufa kwenye 36 na akakuta kitu kinachofanana nao. Ombi lenye manufaa zaidi lingesomeka hivi: "Maumivu ya kuachia kung'ata, 37 kilele cha nyuma-ulimini; mfuko mwembamba milimita 5 hapo hapo; 36 vipimo vyote kawaida. Tafadhali eleza mfupa nyuma ya 37 na ukuta wa shavu wa 36. Uga mdogo, vokseli ndogo kadiri mashine inavyoruhusu."

Na uga wa sentimita 10 kwa 10 kwa meno mawili ulimpa mgonjwa mionzi ya taya zima, huku ukinyima meno hayo mawili ukali wa picha waliouhitaji.

Hali ya sasa ya jino la 37

Jino limewekwa kwenye kundi la matumaini ya tahadhari. Ufa bado upo; umefungwa tu. Mgonjwa anavaa kinga ya plastiki usiku, na kila miezi 6 probu inatembezwa palepale nyuma-ulimini na mtu yuleyule. Milimita 4 ikibaki, jino linaendelea. Ikifika 6, au mfuko ukianza kutoa usaha, hakutapigwa picha nyingine ya kutafuta mstari: ufa utakuwa umefuata mzizi, na jino litang'olewa mapema, kabla halijala mfupa utakaohitajika kupandikiza jino jingine.